Kurusha na Kunakili

Mbele yangu pana kurasa kumi na moja zilizopigwa chapa kwa kompyuta na kubanwa pini pembeni. Waliozitunga ni vijana watano, wawili wa Njombe mjini na watatu wa Makambako, nao wamezipa jina la "Sheria za Kunakili Uchawi". Si kitabu cha kuuzwa. Ni kazi waliyoifanya kwa mikono yao ili wenzao wasiojua Kiingereza wapate kucheza nao mchezo wa karata wa Kimarekani uitwao Magic: The Gathering. Waliniletea wakisema, "Shikamoo Mwalimu, tusahihishie Kiswahili tu, sheria tumeshazimaliza." Nimezisoma mara tatu. Nionavyo mimi sheria hazijamalizika, na sababu yake ni hicho Kiswahili wanachokisemea "tu".

Msomaji asiyeufahamu mchezo huu anivumilie kidogo. Ulibuniwa na Richard Garfield, Mmarekani mwenye shahada ya uzamivu ya hisabati, na karata zake za kwanza zilitolewa mwaka 1993 na kampuni ya Wizards of the Coast ya jimbo la Washington. Karata zetu za kawaida ni hamsini na mbili, na wote mezani hucheza kwa zile zile. Huku sivyo. Kila mchezaji huja na bunda lake alilolipanga nyumbani, aghalabu la karata sitini, akizichagua kutoka maelfu ya karata zilizokwisha kutolewa. Huanza na alama ishirini za uhai; zikiisha, ameshindwa. Karata za ardhi humpa nguvu, na kwa nguvu hizo hulipia karata nyingine. Baadhi ni viumbe wanaokaa mezani wakipigana, na baadhi ni za tendo la mara moja tu, ambazo zikishafanya kazi yake hutupwa kando. Hizi za mwisho ndizo zinazonakiliwa katika kurasa hizi.

Kilichonivuta mimi, mtu niliyefundisha walimu kwa miaka mingi, ni kwamba kila karata ina sheria yake iliyoandikwa juu yake, na maneno ya karata yakipingana na sheria ya jumla, karata ndiyo inayosikilizwa. Kwa hiyo huu ni mchezo wa kusoma kabla ya kuwa mchezo wa bahati. Kijana asiyesoma hadi nukta ya mwisho hupigwa. Ningekuwa na kitu cha namna hii katika vipindi vya ufahamu enzi zetu, ningekitumia bila kuomba kibali cha mtu.

Sasa tuje kwenye kunakili. Katika toleo lile la kwanza kabisa la 1993 ilikuwamo karata iitwayo Fork, yenye gharama ya nguvu mbili nyekundu. Kazi yake ni kunakili karata ya tendo ambayo imeshachezwa lakini haijatimia, na mwenye kunakili anaruhusiwa kuielekeza nakala yake kwingine. Mwaka 2005 ikaja nduguye wa rangi ya buluu, Twincast, na nyingine zimefuata. Tuseme mwenzangu amenipiga kwa Lightning Bolt, radi inayoondoa alama tatu za uhai kwa gharama ya nguvu moja. Kabla radi haijatua, mimi naweka Fork. Sasa pana radi mbili zinazosubiri, ya kwake ikinielekea mimi, na nakala yangu ikimwelekea yeye. Ipi itangulie? Tangu mabadiliko makubwa ya sheria ya mwaka 1999, mambo haya hupangwa kama sahani zilizooshwa: iliyowekwa mwisho juu ya rundo ndiyo inayoondolewa kwanza. Nakala yangu itatua kabla ya radi yake. Kama alikuwa amebakiwa na alama tatu, amekwisha, na radi aliyonitumia haitanifikia.

Mpaka hapo vijana wameeleza vizuri, na mfano wa sahani ni wao, si wangu. Tatizo liko katika swali dogo ambalo mtu hawezi kudhani kwamba lina uzito: je, ile nakala imechezwa? Sheria ya mchezo inajibu bila kumung'unya maneno kwamba haikuchezwa. Karata ya asili ilitoka mkononi, ikatangazwa, ikalipiwa. Nakala haikutoka mkononi mwa mtu wala haikulipiwa. Imewekwa tu pale juu ya rundo. Ina maneno yote ya asili yake, ina na maamuzi yote yaliyofanywa asili ilipokuwa ikichezwa, lakini kile kitendo chenyewe cha kuchezwa hakikuipata.

Vijana wetu wameandika, kuanzia ukurasa wa kwanza, kwamba mchezaji "anarusha uchawi". Walipofika kwenye Fork wakaandika kwamba mchezaji "anarusha nakala". Kitenzi kimoja kwa mambo mawili ambayo sheria imehangaika kuyatenganisha! Wameona kwamba Kiingereza kina kitenzi chenye maana ya kutupa au kurusha, kama mvuvi anavyotupa wavu, wakakichukua kama kilivyo. Hawakujiuliza kama Mswahili hurusha uchawi. Mswahili hurusha jiwe.

Kosa hili halikubaki kwenye karatasi. Mwaka 2003 mchezo uliingiza sifa iitwayo Storm, yaani tufani. Karata yenye tufani, pale inapochezwa, hujinakili mara nyingi kadiri ya karata nyingine zilizochezwa kabla yake katika zamu ile, ukiacha ardhi. Mojawapo ni Tendrils of Agony, inayomwondolea mpinzani alama mbili na kumwongezea mbili mwenye kuicheza. Jioni moja huko Makambako kijana mmoja, ambaye Kiingereza hakimpandi, alicheza karata tatu ndogo kisha akaweka hiyo. Hesabu ni nyepesi: nakala tatu na asili moja ni nne, mara mbili ni alama nane. Mpinzani wake alikuwa na kumi na moja, kwa hiyo angebaki na tatu na mchezo ungeendelea. Lakini kijana akafungua kurasa hizi, akaonyesha kwa kidole mahali palipoandikwa kwamba nakala hurushwa. Kama nakala imerushwa, alisema, basi nayo ina tufani yake, nayo ijinakili, na nakala zake zijinakili tena, hata mpinzani asibakiwe na kitu.

Aliyekaa upande wa pili wa meza alikuwa ndiye mwandishi wa ukurasa ule. Akasema, "Sivyo nilivyomaanisha." Mwenzake akamwuliza, "Kaka, tufuate ulichoandika au tufuate kilicho moyoni mwako?"

Habari hii nimeisikia kwa pande zote mbili, na haitofautiani. Waliinuka bila kuagana, na mmoja hakuonekana mezani kwa muda wa wiki mbili. Mtu atasema ni karata tu. Mimi nasema yule kijana asiyejua Kiingereza alikuwa na haki kamili ya kuuliza swali lake. Sheria zimeandikwa kwa ajili yake. Kama kila zinapombana mwandishi anakimbilia Kiingereza anachokijua yeye peke yake, basi kijana yule hakupewa sheria. Amepewa ahadi ya kuonewa kwa adabu. Huko kwenye mchezo alikosea, lakini kwenye usomaji hakukosea hata herufi moja.

Kosa la kwanza limezaa la pili, na hili ndilo linalonionyesha kwamba waandishi hawakuteleza kalamu tu bali waliongozwa na kitenzi chao. Kuna karata ya mwaka 1998 iitwayo Fling. Mchezaji humtoa kiumbe wake mmoja kama sehemu ya malipo, na mpinzani huumia kadiri ya nguvu za kiumbe aliyetolewa. Je, anayeinakili Fling naye atoe kiumbe? Kurasa hizi zinasema atoe. Ndiyo, kwa kuwa kilichorushwa hulipiwa! Wamefuata mantiki yao vizuri sana hadi shimoni. Sheria ya mchezo yenyewe inasema nakala hailipi chochote, na hupiga kwa nguvu zile zile za kiumbe aliyetolewa na mwenye asili, kwa sababu nakala hukumbuka kilicholipwa. Mbuzi amechinjwa mmoja, supu imenywewa mara mbili.

Nimejiuliza kwa nini vijana wenye akili wasilione jambo hili, na nadhani jibu liko katika karata walizokulia. Katika lasti kadi, mtu akikuwekea mbili unaokota mbili, isipokuwa kama nawe una mbili mkononi. Hapo unaiweka juu yake na mzigo unahamia kwa anayefuata, ambaye sasa ataokota nne. Meza nyingine hazikubali mzigo kuongezeka, na mgeni hujifunza kwa kupigiwa kelele. Macho ya vijana yalizoea tendo linalorudiwa na kukua. Lakini katika lasti kadi kila anayeongeza amepungukiwa na karata mkononi. Mbili ya pili ni mbili kweli, imetoka mahali. Katika kunakili ni karata moja tu ya kunakilia iliyotoka mkononi, tena katika tufani hata hiyo haipo. Mazoea ya lasti kadi hayawezi kumwonyesha mtu kitu ambacho lasti kadi haina.

Mfano ulio karibu zaidi uko maofisini. Katika chuo cha ualimu nimepokea nakala za vyeti kwa mamia, nyingine zikiwa na mhuri wa wakili. Nakala ya cheti cha Kidato cha Nne ina alama zote, namba ya mtahiniwa, kila kitu. Unaweza kumpangia mtu masomo kwa kuisoma. Lakini hakuna mtu ambaye angesema kwamba mwenye nakala tano amefanya mtihani mara tano. Nakala inarithi maandishi, hairithi tukio. Nilipowapa vijana mfano huu mmoja alipiga kofi mezani, na nadhani tangu hapo tufani haitawasumbua tena.

Nimesema juu ya kitenzi. Sasa nomino, na hapa sina wepesi.

Wameita karata za tendo "uchawi", na neno hilo limo katika jina la kazi yao, kwa herufi kubwa, kwenye ukurasa wa juu. Kurasa hizo ziliachwa siku moja juu ya meza ya mgahawa mmoja wa Makambako ambako huwa wanacheza wakishakunywa chai. Mama mwenye mgahawa alizisoma. Waliporudi aliwakabidhi karatasi zao na kuwaambia kwa upole kwamba wanae wangu, chai mtapata, lakini meza yangu hiyo michezo basi. Vijana walicheka waliponisimulia. Walimwona mama wa watu mshamba.

Mimi sikucheka. Mwishoni mwa mwaka 2018 na mwanzoni mwa 2019 watoto waliuawa katika mkoa huu wa Njombe, na viongozi wa Serikali walisema hadharani kwamba mauaji yale yalihusishwa na imani za kishirikina. Wazazi walikuwa wakiwasindikiza watoto shuleni na kuwangoja. Vijana hawa walikuwa wadogo wakati ule. Mama yule hakuwa mdogo. Isitoshe, Sheria ya Uchawi iliyotungwa na Waingereza mwaka 1928 ingali katika vitabu vya sheria za nchi yetu, Sura ya 18. Katika Kiingereza cha mchezo huu neno lile limekwisha kupoa. Ni neno la hadithi za watoto, la wafalme na mazimwi, na wazazi wengi wa Marekani hawafungi mlango wakilisikia. Uchawi wa Kiswahili haujapoa. Mtu anayesema "nakurushia uchawi" kwa sauti kubwa karibu na stendi, hata kama ameshika karatasi yenye picha, ametamka kitu ambacho kwa jirani ni kitisho, na jirani hana wajibu wa kujua kwamba kuna Wizards of the Coast. Hata ile radi ni hivyo hivyo. Katika nyanda hizi za juu, masika yakichachamaa, radi huua, na wako wanaoamini kwamba kuna radi za kutumwa.

Kwa hiyo mfasiri hakutakiwa kuuliza tu kwamba neno hili kwa Kiingereza ni nini kwa Kiswahili. Alitakiwa kuuliza linafanya kazi gani mezani. Mezani karata hizi hutangazwa kwa mdomo: mchezaji huitaja karata, hutaja inakoelekea, hulipa. Kinachotendeka ni kutamka. Napendekeza basi karata hizi ziitwe matamko, na kuzicheza kuwe kutamka. Tamko likishafanya kazi yake tuseme limetimia, likizuiwa, limebatilika. Tazama jinsi sheria nzito inavyokuwa nyepesi: nakala haitamkwi. Maneno mawili. Kijana wa tufani angeyasoma hayo asingefungua mdomo, kwa sababu tufani huamka pale karata inapotamkwa, na nakala haikutamkwa na mtu. Fling nayo inajinyoosha: anayetamka hulipa, anayenakili halipi.

Vijana wamenipinga. Wanasema "tamko" linanuka ofisi, kwamba mtu akisema "natoa tamko" wataona mkuu wa wilaya anasimama. Ni kweli kidogo, na nimekiri kwamba halina utamu wa picha zilizomo kwenye karata. Mmoja alitaka "mazingaombwe", neno ninalolipenda, maana sisi wa zamani tunawakumbuka watu waliokuwa wakizunguka mashuleni wakitoa njiwa kwenye kofia. Lakini mazingaombwe ni kudanganya macho, na katika mchezo huu mtu akipigwa na radi amepigwa kweli, alama zake tatu zimeondoka. "Uganga" una tatizo la kinyume: unaponya. Mpaka atokee mwenye neno bora, nimeshikilia tamko.

Sehemu iliyo bora katika kurasa hizi, na nimewaambia hivyo, ni ile ya mizunguko isiyo na mwisho. Humo wameandika kama watu walioelewa kabla ya kufasiri. Mfano wao ni wa karata mbili za mwaka 2014. Ya kwanza, Twinflame, humfanyia kiumbe wako pacha anayeweza kushambulia papo hapo, ingawa hudumu zamu hiyo tu. Ya pili, Dualcaster Mage, ni kiumbe unayeweza kumweka wakati wowote, na akiingia mezani hunakili tamko moja lililo juu ya rundo. Tuseme una askari mmoja mezani. Unatamka Twinflame ukimlenga askari. Kabla halijatimia unamweka Dualcaster. Anaingia, ananakili Twinflame, na nakala hiyo unaielekeza kwake yeye mwenyewe. Nakala inatimia kwanza, anatokea pacha wa Dualcaster. Pacha naye ameingia mezani, kwa hiyo naye ananakili ile Twinflame ya asili, ambayo bado iko chini inangoja. Pacha wa pili. Wa tatu. Kwa nguvu tano tu ulizolipa, mbili kwa tamko na tatu kwa kiumbe, una jeshi lisilo na idadi.

Hapo sheria inafanya jambo la busara sana. Haimruhusu mchezaji kusema "bila mwisho". Inamtaka ataje hesabu: mia, elfu, milioni, vyovyote apendavyo, lakini itajwe na iwe na kikomo, kisha mzunguko uhesabiwe kana kwamba umeshafanyika. Mpinzani ana haki ya kusema kwamba anakatiza katika mara ya arobaini; naye akiweza kulibatilisha lile tamko la asili lililo chini, pacha anayefuata hana cha kunakili na kiwanda kimefungwa. Na mwenye mzunguko akitaka kusimama mwenyewe, nakala ya mwisho anaielekeza kwa askari, kwa kuwa pacha wa askari hanakili kitu. Vijana wameyafupisha haya yote kwa maneno mawili, "taja idadi", na hakuna mahali Kiingereza chenyewe kimesema kwa ufupi zaidi. Wamesahau tu kuandika upande wa pili wa sheria: mzunguko ambao hakuna mtu mwenye hiari ya kuusimamisha, kila hatua yake ikiwa ya lazima, humaliza mchezo kwa sare. Waongeze mstari mmoja.

Wachezaji wa bao watatabasamu. Nao wanajua kete zinavyoweza kuzunguka, kila ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, mkono ukichota na kusambaza hadi watazamaji wachoke kuhesabu. Bao la Kiswahili lina kete sitini na nne tu, lakini hazina haraka. Katika karata hizi jambo limefika mbali zaidi: mwaka 2019 Alex Churchill, Stella Biderman na Austin Herrick walionyesha kwamba karata za mchezo huu zinaweza kupangwa zifanye hesabu yoyote ambayo kompyuta inaweza kufanya, na kwa hiyo hakuna kanuni inayoweza kutabiri, kwa kila mpangilio, kama mzunguko utakoma au la. Nimewaeleza vijana habari hii. Yule wa tufani ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko wote.

Nisije nikaonekana ninawalaumu wa Makambako na kuwasamehe wa Marekani. Karata ya Fork haisemi popote juu ya uso wake kwamba nakala haijatamkwa. Mchezaji anapaswa kulijua hilo kutoka kitabu cha sheria chenye zaidi ya kurasa mia mbili, ambacho wengi hawajakiona. Nilitangulia kusema kwamba huu ni mchezo wa kusoma. Hapa unamwadhibu msomaji aliyesoma kila kilichoandikwa mbele yake. Waundaji wenyewe wanalijua tatizo. Mwaka 2021 walipotoa karata zinazoamka kila mtu anapotamka au anaponakili, iliwabidi wayataje matendo yote mawili kwa majina yake, kwa kuwa moja halimbebi mwenziwe. Uangalifu waliouonyesha hapo ungefaa uonekane na kwenye Fork.

Kisha kuna gharama. Karata halisi kufika Njombe ni ghali, na baadhi yake huuzwa huko nje kwa bei ya ng'ombe. Vijana wetu hucheza kwa fotokopi zilizotolewa stesheneri, zikakatwa kwa mkasi na kugandishwa juu ya karata za kawaida. Wanacheza sheria za nakala kwa nakala. Nisingelitaja hili kama si kwa jambo moja la kisheria: Fork inasema nakala yake ni nyekundu hata kama asili ilikuwa buluu, na katika fotokopi zao kila kitu ni kijivu. Wameanza kutia alama kwa kalamu. Alama za nguvu zenyewe zinaonekana, moto, tone, jua, fuvu na mti, kwa hiyo hakuna kinachopotea kwa aliyezoea. Lakini mgeni hupotea, na kurasa hizi zilitungwa kwa ajili ya mgeni. Nimewashauri waweke jedwali la alama hizo tano mwanzoni, kabla ya kifungu chochote.

Limebaki neno moja hatujaafikiana. Wale mapacha wa muda, wasio na karata ya kweli, ambao huonyeshwa kwa kifuniko cha soda au punje ya mahindi, waitweje? Kurasa zinasema "tokeni", na sina ugomvi mkubwa nalo. Mmoja wao, kwa utani, alipendekeza "msukule", na wenzake walimkemea kabla sijafungua kinywa. Mimi niliandika pembeni "kiwakilishi". Wamenijibu kwamba mtu atakayetaja viwakilishi milioni moja katika zamu moja atakaukiwa na mate, na kwamba wanaelekea kuchagua "punje", kwa kuwa ndicho kinachowekwa mezani. Toleo la pili litakapotoka stesheneri nitaona ni lipi limeshinda.